Riwaya ya Mapenzi ya Kihistoria: Kwa Nini Nyingine Hukata Kiu na Nyingine Humwacha Msomaji Mkavu

Tangu tamthilia ya Bridgerton ilipoanza kuonyeshwa na Netflix tarehe 25 Desemba 2020, ubishi wa aina moja umekuwa ukirudi kila msimu mpya unapotoka. Wapo wanaosema kwamba hadithi ile, inayoanzia London ya mwaka 1813, si historia hata kidogo, kwa hiyo haina thamani. Wapo wanaojibu kwamba ni mapenzi tu, na mapenzi hayana haja ya historia. Wapo pia waliozitafuta riwaya za Julia Quinn zilizozaa tamthilia hiyo, wakasoma moja, wakaipenda, kisha wakachukua ya mwandishi mwingine yenye magauni yaleyale na makasri yaleyale, wakaiweka kando kabla ya kufika katikati, bila kuweza kueleza ni kitu gani hasa kilichokosekana.

Kitu hicho kinaelezeka. Katika riwaya ya aina hii inayomtosheleza msomaji, enzi ya kale si pambo la kuvalishwa wahusika. Enzi yenyewe ndiyo inayowazuia wapendanao, kwa sheria zake, imani zake, safari zake na woga wake, na raha ya msomaji inatokana na kuwaona wakitafuta njia humohumo ndani ya mipaka hiyo. Mengine yote, yaani mavazi, majumba, lugha ya zamani na hata busu lenyewe, hupata uzito wake kutoka hapo.

Tuanze na majina, maana sehemu kubwa ya ubishi inatokana na watu kuita vitu vitatu kwa jina moja. Riwaya ya kihistoria ni ile inayotokea katika wakati ambao umekwisha kupita na ambao mwandishi amelazimika kuuchunguza badala ya kuukumbuka tu. Walter Scott, alipotoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1814, alitaja katika kichwa chake kidogo kwamba mambo anayoyasimulia yalikuwa ya miaka 60 nyuma, na kipimo hicho cha vizazi viwili kimebaki kuwa cha maana hadi leo. Riwaya ya mapenzi ni kitu kingine. Chama cha Waandishi wa Riwaya za Mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kiliifafanua kwa masharti mawili: mapenzi ya wahusika wakuu yawe ndiyo uti wa mgongo wa hadithi, na mwisho wake uuridhishe moyo na kuacha matumaini. Riwaya ya mapenzi ya kihistoria ni ile inayotimiza masharti ya pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kwa kipimo hicho, riwaya nyingi nzuri za Kiswahili zinazohusu Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya 1964 haziingii katika kundi hili, ingawa zina mapenzi mazito ndani yake, kwa sababu kinachozibeba ni siasa au tabaka, na mapenzi yanaweza kuvunjika bila hadithi kuvunjika. Hilo haliwi kosa lake. Ni kwamba msomaji anayeifungua riwaya ya namna hiyo akitarajia harusi atalalamika bure, na anayeifungua riwaya ya mapenzi ya kihistoria akitarajia uchambuzi wa mageuzi ya kisiasa naye atalalamika bure.

Kizuizi chenye anwani yake

Wawili wakikutana ukurasa wa kwanza na kuoana ukurasa wa tano, hakuna riwaya. Mhakiki wa Marekani Pamela Regis, katika utafiti wake wa mwaka 2003, alitaja mambo manane yanayopatikana katika riwaya za mapenzi, yakiwemo kukutana, kuvutana, kizuizi, kukiri, na ile saa ambayo msomaji anaona kwamba sasa yote yamekwisha. Katika hayo manane, kizuizi ndicho kinachoitenga riwaya ya kihistoria na ya kisasa, na ndipo waandishi wengi wanapoteleza.

Tazama Uingereza ya kati ya 1811 na 1820, wakati Mfalme George III alipokuwa mgonjwa wa akili na mwanawe akitawala kwa niaba yake. Kipindi hicho kifupi kimeandikiwa riwaya za mapenzi nyingi mno, na watu hudhani sababu ni dansi na magari ya farasi. Sababu kubwa zaidi ni sheria. Chini ya sheria ya ndoa ya mwaka 1753, kijana wa chini ya miaka 21 hakuweza kufunga ndoa kwa leseni bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na kama hakuwa na leseni, ndoa yake ilibidi itangazwe kanisani Jumapili tatu mfululizo, mbele ya yeyote mwenye pingamizi. Scotland haikuguswa na sheria hiyo, ndiyo maana wapendanao walikimbilia kijiji cha Gretna Green, mara tu baada ya kuvuka mpaka. Mwanamke akishaolewa, fedha zake na mali yake inayohamishika zilikuwa za mumewe, na haki kamili ya kumiliki mali yake mwenyewe aliipata mwaka 1882. Talaka ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji, kabla ya sheria ya 1857, kupitishwa na Bunge kwa jina la wahusika wenyewe.

Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwa nini binti wa 1813 anayesitasita kujibu posa anamshika msomaji roho. Anakaribia kukabidhi fedha zake, makazi yake na umri wake wote kwa mtu ambaye pengine hajawahi kuzungumza naye faraghani hata kwa nusu saa, na akikosea hana pa kutokea. Swali "anipenda au hanipendi?" linakuwa swali la kufa na kupona bila mwandishi kupandisha sauti.

Hapo ndipo unapopatikana mtihani ambao msomaji anaweza kuutumia kwa riwaya yoyote. Wachukue wapendanao wa kwenye kitabu uwahamishie Dar es Salaam au Nairobi ya leo, uwavue mavazi ya zamani, kisha uulize kama tatizo lao bado lipo. Kama lipo vilevile, mwandishi amevalisha hadithi ya leo nguo za jana. Na kama tatizo lenyewe ni kutoelewana ambako kungekwisha kwa mmoja kumuuliza mwenzake swali moja la wazi, basi hata nguo hazitasaidia. Msomaji anaweza kuvumilia vita, umaskini na ukatili wa wakwe, lakini havumilii kurasa mia mbili za watu wawili wasiotaka kuulizana.

Binti aliyejifunza kuandika kwa siri

Hatuna haja ya kukaa London kulielewa jambo hili. Pwani yetu ina kisa cha kweli ambacho kinaonyesha kizuizi cha enzi kuliko visa vingi vya kubuni, nacho ni cha Sayyida Salme. Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, baba yake akiwa Sultani Said bin Sultan na mama yake suria wa Kicherkesi, kabila la milima ya Kaukazi, aliyeitwa Jilfidan. Mabinti wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akiinakili herufi moja baada ya nyingine kutoka katika msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ambao ulitumika kama kibao. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipojaribu kumpindua ndugu yao mwingine, Sultani Majid, aliyehitajika ni mtu wa kuandika barua za njama, na katibu huyo akawa binti wa umri wa miaka kumi na mitano hivi. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na Salme akabaki katikati ya ukoo uliogawanyika.

Miaka michache baadaye alikuwa akiishi Mji Mkongwe, jirani na mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Heinrich Ruete. Nyumba zao zilikaribiana, mapaa yake yalikuwa bapa, na mapenzi yakaota hapo. Alipopata mimba, hatari ilikuwa ya wazi. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer hadi Aden, bandari ya Arabuni, akajifungua huko mtoto wa kiume, akamsubiri Ruete, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga naye ndoa.

Angalia vizuizi vilivyokuwa mbele yake, kwa sababu hakuna hata kimoja ambacho mwandishi angeweza kukitoa London akakileta Unguja. Sheria ya Kiislamu haikumruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu. Yeye hakuwa mwanamke wa kawaida tu, alikuwa dada wa Sultani aliyekuwa madarakani, kwa hiyo aibu yake ilikuwa aibu ya dola. Kwa upande wa mali, mambo yalikuwa kinyume kabisa na Uingereza: mwanamke Mwislamu aliyeolewa Unguja alibaki na mali yake kwa jina lake, na Salme alikuwa na mashamba yake. Binti wa London alipoteza mali kwa sababu ameolewa. Salme alipoteza haki ya urithi kwa sababu ya mtu aliyemchagua na dini aliyoiacha. Mwandishi anayejua tofauti hiyo ataandika mandhari ya uamuzi ambayo hayajapata kuandikwa. Asiyeijua atamfanya Salme alie kama binti wa 1813, na msomaji wa pwani atahisi mara moja kwamba machozi hayo si ya kwake.

Bahari nayo ni kizuizi. Majahazi yalikwenda Arabuni kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi, hivyo anayeondoka leo hakuweza kubadili mawazo kesho akageuza chombo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na waya wa simu ya maandishi wa chini ya bahari ulifika Zanzibar 1879. Kabla ya hapo, barua ya kwenda Ulaya na jibu lake vilipimwa kwa miezi. Mwanamke anayesubiri Aden na mtoto mchanga mikononi, asijue kama mwanamume aliyebaki Unguja kumaliza shughuli zake za biashara atakuja au la, hana njia yoyote ya kuuliza. Kusubiri huko, ambako leo kungekwisha kwa ujumbe wa sekunde mbili, ni sura nzima ya riwaya, na ni sura ambayo msomaji ataisoma polepole kwa hiari yake.

Jambo dogo linapokuwa kubwa

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba riwaya hizi husomwa kwa ajili ya matukio ya chumbani. Baadhi yake zina matukio hayo na baadhi hazina kabisa. Georgette Heyer, Mwingereza ambaye kuanzia miaka ya 1930 aliijenga sura ya riwaya ya enzi ya 1811 hadi 1820 kama tunavyoijua, hakuwapeleka wasomaji wake chumbani, na bado vitabu vyake vinachapishwa. Kiasi cha mwili kinachoonyeshwa ni suala la mapendeleo ya msomaji, wala hakisemi lolote kuhusu ubora wa kitabu.

Kinachotenda kazi ni kitu kingine. Katika jamii ambayo mwanamume na mwanamke wasio maharimu hawakai peke yao, kila kiungo na kila sauti hubeba maana. Mkono usio na glavu, jina la kwanza likitajwa badala ya cheo, ushungi uliocheleweshwa kushushwa, au swali lililoulizwa kutoka paa moja kwenda jingine wakati wa magharibi, watu wakiwa msikitini: kila kimojawapo kinaweza kuwa ndiyo kilele cha sura, mradi mwandishi amekwisha kumfundisha msomaji thamani yake. Hili la kumfundisha ndilo gumu. Msomaji lazima ajue mapema kwamba kutajwa kwa jina hilo ni mwiko, ajue nani akisikia nini kitatokea, ndipo litakapotajwa moyo wake ushtuke. Mwandishi anayeharakisha, akawakutanisha wahusika wake kila jioni bila yeyote kuwauliza, amejinyima silaha aliyopewa bure na enzi aliyoichagua.

Mwisho unaojulikana na mwisho unaolipiwa

Wanaozidharau riwaya hizi husema: kama mwisho ni wa furaha kila mara, kuna haja gani ya kusoma? Anayealikwa harusini anajua tangu alipopewa kadi kwamba siku itaisha bibi harusi akiwa mke wa mtu, na bado hukaa mpaka mwisho, kwa sababu alichokifuata ni namna mambo yatakavyokwenda. Msomaji wa riwaya ya mapenzi ameahidiwa kwamba watapatana. Hakuahidiwa itakuwaje, wala watapoteza nini njiani, na hofu yake yote inakaa hapo. Ahadi hiyo ndiyo inayompa ujasiri wa kufuatana na wahusika hadi mahali pabaya sana, ambapo bila ahadi pengine angekifunga kitabu.

Lakini furaha peke yake haitoshi, na katika jambo hili wapenzi wa aina hii ya riwaya ni wakali kuliko wahakiki. Mjomba tajiri asiyewahi kutajwa akifa sura ya mwisho na kuacha urithi, Sultani akiamka siku moja na kubadili msimamo bila sababu, au mjakazi akigundulika kwamba kumbe ni binti wa mwinyi, msomaji hujiona ameibiwa. Vizuizi vilijengwa kwa kurasa mia tatu halafu vimeondolewa na mtu mwingine. Mwisho unaoridhisha hutokana na uamuzi wa wapendanao wenyewe, unawagharimu kitu wanachokithamini kweli, na unawezekana katika enzi yao. Kabla ya kufunga kitabu msomaji anataka kujua wataishi wapi, watakula nini, sheria gani itaitambua ndoa yao na majirani gani watawasalimu.

Kwa kipimo hicho, maisha halisi ya Salme hayawezi kuwa riwaya ya mapenzi ya kihistoria, hata yakiandikwa kwa ustadi wa namna gani. Mtoto wao wa kwanza alifariki wakiwa safarini kwenda Ujerumani. Walipata wengine watatu, na mwaka 1870 Ruete akafa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akimwacha mjane katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Miaka mingi aliipigania haki yake ya urithi bila mafanikio, akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na akafariki Jena mwaka 1924. Mwandishi akiisimamisha hadithi siku ya ndoa, pale Aden, msomaji anayeijua historia atahisi kwamba amefichwa kaburi. Akiendelea mpaka 1870, ameandika tanzia, na tanzia ina wasomaji wake. Njia ya uaminifu, kwa maoni yangu, ni kukichukua kizuizi na kuwaacha watu: kubuni ukoo mwingine, jirani mwingine, pengine baharia au fundi badala ya mfanyabiashara wa Kizungu, na kuwatafutia njia ambayo mwaka 1866 iliyaruhusu maisha kuendelea.

Usahihi unaohitajika na usiohitajika

Sasa tufike kwenye historia yenyewe. Wasomaji hawadai kwamba kila kifungo cha kanzu kiwe sahihi, ila kuna makosa ambayo hubomoa imani papo hapo. Riwaya ya Unguja ya 1866 ambamo wapendanao wanakutana chini ya saa ya Beit al-Ajaib imekwisha kuanguka, kwa kuwa jumba hilo lilijengwa na Barghash mwaka 1883. Mwanamke wa mwaka huohuo hawezi kupeleka ujumbe wa mapenzi kwa kuvaa kanga yenye jina, ingawa wazo lenyewe ni tamu, kwa sababu kanga zilianza kuenea katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na maandishi yakaja baadaye. Makosa ya namna hii yanauma zaidi yanapogusa kizuizi. Kama kisa chote kinategemea kuchelewa kwa habari, halafu mhusika akapokea simu ya maandishi miaka kumi kabla waya haujafika, basi si tarehe tu iliyokosewa, ni msuko mzima uliotoboka.

Lipo pia tatizo la kinyume chake, la ukweli unaoonekana kama uongo. Msomaji akikuta tramu Hamburg mwaka 1870 anaweza kudhani mwandishi amepitiwa, kwa kuwa tramu anayoijua ni ya umeme. Tramu za wakati huo zilivutwa na farasi. Hapa mwandishi mzuri hatoi somo wala hapuuzi. Huwaonyesha farasi mapema, katika tukio dogo la kawaida, ili siku ya ajali asiwepo wa kushangaa kwa sababu isiyo yake.

Kinachoaminika zaidi kuliko majengo ni akili za wahusika. Dosari inayonisikitisha kupita zote ni shujaa wa kike wa karne ya 19 anayezungumza kama mwanaharakati wa leo, akiwahutubia wazee kuhusu haki zake, na wazee wakanyamaza. Anayeandika hivyo hukusudia kumheshimu mwanamke, lakini anachokifanya ni kuufuta ujasiri wa wanawake waliokuwepo kweli. Ujasiri wa Salme haukuwa hotuba. Ulikuwa mfupa wa ngamia na wino, umefichwa. Kuna hazina nyingine ya kuingia katika fikra za wakati huo: Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika visiwa vya Lamu, ambamo mama mgonjwa anamuusia binti yake kuhusu dini, adabu, mume na nyumba. Watu wengi leo huusoma wakaona utiifu tu. Mtunzi wa riwaya atakayeusoma kwa makini atamwona mwanamke mwenye akili kali akimpa bintiye ramani ya ulimwengu ulivyo, ili apite salama. Shujaa aliyelelewa kwa ramani hiyo, halafu moyo wake ukampeleka nje yake, ni mhusika mzito kuliko yule ambaye hakuwahi kuiamini.

Mapenzi na utumwa

Jambo gumu kuliko yote nimeliacha hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linalowagawa wasomaji wa leo. Mwaka 1972 ilitoka Marekani riwaya ya mapenzi ya kihistoria iliyouzwa kwa wingi mno na kufungua mlango kwa nyingine nyingi, na ndani yake shujaa wa kiume anambaka mwanamke ambaye mwishoni anakuwa mke wake mpenzi. Wasomaji wa miongo iliyofuata wakazidi kuikataa dhuluma kuitwa mapenzi, na waandishi wakafuata. Mabadiliko hayo hayakuipunguzia historia ukali wake. Yalibadili swali: badala ya kuuliza kama mambo hayo yalitokea, msomaji akaanza kuuliza kama anaweza kuyafurahia.

Swali hilo linaifikia pwani yetu kwa nguvu. Jilfidan, mama yake Salme, alitekwa utotoni na kununuliwa. Mwandishi anayetaka kusimulia mapenzi kati ya mwinyi na suria wake lazima akabiliane na ukweli kwamba asiyeweza kusema hapana hawezi kuhesabiwa amesema ndiyo, na binafsi sioni namna ya kuufikia mwisho unaoridhisha mpaka awe huru kwanza na kuweza kuondoka. Salme mwenyewe, katika kumbukumbu zake, aliutetea utumwa wa Waarabu dhidi ya lawama za Wazungu, jambo linalotukumbusha kwamba mtu anaweza kuwa jasiri kwa nafsi yake na asione minyororo ya wengine. Riwaya za London hazijasalimika pia. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, ikapitisha sheria ya kuufuta utumwa katika makoloni yake mengi mwaka 1833, na fidia ya pauni milioni 20 ikatengwa kwa ajili ya wamiliki. Bwana mkubwa wa kwenye riwaya ambaye utajiri wake hauna chanzo anazidi kuwatia mashaka wasomaji, na mashaka yao ni ya haki.

Wengine huhitimisha kwamba watu waliodhulumiwa hawawezi kupewa riwaya ya mapenzi, kwamba historia yao ni ya kulilia tu. Mwandishi Mmarekani Mweusi Beverly Jenkins amelikanusha hilo tangu riwaya yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1994, akiwapa Wamarekani Weusi wa karne ya 19 shule, mashamba, wachumba na harusi. Kwetu, mfano wa kufanyia kazi upo Rabai, nyuma ya Mombasa. Katika miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia katika kituo cha wamisionari huko, wakajenga, wakalima, wakaoana, huku wenyewe waliowamiliki wakitaka warudishwe. Mzozo ulipokaribia kuwa vita, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikianza kutawala eneo hilo iliwalipa wamiliki fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru wao.

Kila kinachohitajika kimo humo. Kizuizi ni cha enzi hiyo na mahali hapo, saa ya giza ni ile ambayo mabwana wanakuja kudai watu wao, na siku ya mwisho ina tarehe. Gharama nayo imo, kwa sababu fedha zilikwenda kwa mabwana na walioachiwa walibaki na karatasi, na kwa sababu utumwa katika pwani ya Kenya uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1907, hivyo ambaye hakuwemo Rabai siku ile hakuwa na hati. Mwandishi atakayempeleka mwanamume kutoka shamba la Malindi mpaka Rabai atalazimika kumfikisha na mpenzi wake pia kabla ya mwaka 1888 kwisha, kwa miguu, usiku, akipita karibu na watu wanaolipwa kumkamata, na sehemu kubwa ya riwaya hiyo itakuwa ni safari ya mwanamke huyo na sababu zake mwenyewe za kuianza.